Rambirambi za Mtu Aliye Hai

Jumatatu, 5 Mei

Darasa la jioni limekwisha. Koo linawasha. Salamu za asubuhi tena, kwa mara ya ngapi sijui. Wangaluka. Wangaluka. Yule wa Kanada anaitamka kama mtu anayekohoa. Nikamwambia vizuri sana. Uongo wa mwalimu, nimeuzoea.

Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, nikasema sasa napumzika. Nimepumzika wapi. Leo, bibi mzima, nafundisha Kinyamwezi kwenye simu, watoto na wajukuu wa watu waliotoka Tabora wakasahau kurudi. Sikupanga. Nilijirekodi nikimsalimia mpwa wangu aliyeko nje, akairusha, watu wakaanza kuuliza maswali. Mwalimu haachi swali likapita.

Mwanzoni nilisema darasa ni bure. Wakang'ang'ania kutoa chochote. Ule mtandao wa kuchangia watu wa video, nikijaza mpaka kwenye sehemu ya nchi, nchi yetu haimo. Benki nayo ilikata ada mpaka kilichobaki kikawa aibu. Basi Kibwana, fundi simu wa hapa Isevya, akanifungulia pochi ya sarafu za mtandaoni. Dola zisizoshikika. Mwanafunzi anaelekeza simu yake kwenye kale kamraba kenye vidoti, anatuma, inaingia papo hapo. Kibwana anatafuta mnunuzi, mnunuzi ananirushia shilingi kwenye simu. Kama ni halali au si halali, kila ninayemuuliza ananijibu kwa sauti ya chini. Naogopa kidogo. Nimechoka kuliko ninavyoogopa.

Bwana Seif alikuwepo. Yuko Maskati. Aliondoka Tabora mtoto wa miaka saba, sasa ni mzee kuliko mimi. Kwao ni Waarabu wa mjini hapa, wa maduka, lakini aliyemlea ni mama wa Kinyamwezi, Mama Nyamizi, na huyo mama ndiye aliyempa lugha ya kwanza. Anataka kuirudisha kabla hajafa. Ameandika hivyohivyo. Hakosi somo. Anawasha kamera, anaandika majibu yote sahihi, lakini kipaza sauti hajakifungua tangu siku ya kwanza. Anaona haya. Anasema ulimi wake umebaki wa mtoto.

Nataka kumsikia akisema sentensi moja. Moja tu. Wengine wote wakiacha sitajali sana. Ni vibaya mwalimu kusema hivyo. Nimesema.

Alhamisi, 8 Mei

Leo nimemuua Kibwana. Laivu, mbele ya darasa zima.

Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Watani, tangu babu zangu walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani na babu zake wakiwapokea kwa kicheko. Nikipita kibandani kwake ananiita mpagazi, ananiuliza mzigo nimeutua wapi. Mimi namwambia auze nyumba akacheze ngoma. Hatujawahi kununiana. Mtani hanuniwi.

Somo lilikuwa maneno ya msiba. Nikahitaji mfano. Nikasema fundi wetu Kibwana amefariki, amecheza ngoma usiku kucha moyo ukagoma, hana hata sanda, mchangieni. Wa Tabora wakacheka mpaka wakazima kamera. Wa mbali kadhaa wakaandika pole. Hapo Kibwana akatokea nyuma yangu kajifunika shuka jeupe, anaomba chai. Wote wakacheka. Bwana Seif aliandika: "Nimeshtuka, mwalimu." Nikamjibu ni utani wa kwetu. Akaandika: "Nilikuwa nimeusahau."

Wakati anaondoka Kibwana aliniambia, "Hilo deni, mpagazi. Utalipa ukiwa umelala." Nikamwambia atangulie yeye, nitamfuata na jeneza la mkopo.

Nilicheka. Muda mrefu sijacheka hivyo.

Jumamosi, 10 Mei

Mgongo. Kesho naenda Puge kwa dada Kabula, karanga zimekomaa na hana mtu. Nimewaambia wanafunzi: nawaaga, wiki nzima sipo, jisomeeni. Nimemwachia Kibwana ukurasa. Pochi ni yeye anaiendesha siku zote, mimi nina yale maneno yake ya siri ya kuifungulia tu na sijui hata pa kuyaandika.

Jumatano, 14 Mei. Puge

Simu imetumbukia kwenye karai la maji ya kuoshea vyombo. Juzi. Dada aliitia kwenye mchele ikae, haikuamka. Nilikasirika kidogo, halafu nikagundua sikasiriki.

Tunang'oa, tunageuza, tunachambua. Vidole vyeusi. Dada ananisema kwamba Kinyamwezi changu kimekuwa cha redioni. Kweli. Hapa sina wa kumsahihisha. Tunalala mapema kama kuku.

Sijawakumbuka wanafunzi hata mmoja. Ila Bwana Seif, leo mchana, mara moja.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika kwenye kurasa za nyuma maana za mbele zimelowa jasho la safari.

Nimeshuka na gunia langu la karanga saa nane. Sijavua hata viatu. Hodi. Nafungua, ni Zuwena, mtoto wa kaka yake Bwana Seif. Nilimfundisha darasa la tatu. Sasa ana duka la vitambaa na wajukuu. Kavaa mweusi. Nyuma yake wanawake wawili wa kwao, mmoja na sufuria ya wali kichwani, mwingine na birika la kahawa.

Sufuria ndiyo iliyoanza kuanguka. Wali wote mlangoni.

Zuwena alikaa chini palepale, juu ya wali. Akalia. Mimi nasema shikamoo yako iko wapi. Hakuniamkia. Alinishika mguu, akaubana, kama anapima nyama sokoni.

Halafu akanipa simu yake nisome. Ni ukurasa wangu. Kibwana ameandika siku ile niliyoondoka: "Mwalimu wetu hatunaye tena. Mzigo umemshinda njiani kwenda Puge. Sisi watani tunachimba, ila majembe hatuna. Rambirambi, pochi ileile."

Mtu yeyote wa hapa akisoma majembe hatuna anajua. Anacheka, anaongeza lake, anasubiri marehemu ajitokeze na matusi. Lakini marehemu alikuwa Puge na simu kwenye mchele.

Chini yake pole. Pole, pole, pole. Mishumaa. Sala za Kilatini. Mtu ameandika kwamba nilimpa lugha ya bibi yake. Na pesa zimetumwa. Nyingi. Sijawahi kulipwa hivyo nikiwa hai.

"Sisi wa hapa tungejua," Zuwena alisema. "Lakini habari ilinifikia kwa ami kutoka Maskati. Ami analia kwenye simu, mimi nianze kumuuliza kama ni utani? Nikakupigia, hupatikani."

Ami ni Bwana Seif. Amesoma hitma kwa ajili yangu. Mimi Mkatoliki wa Isevya.

Walikataa chai. Nilifagia wali peke yangu.

Jumapili, 18 Mei

Sikwenda misa. Nimekwenda kwa Kibwana. Sikumtukana. Ndivyo alivyojua kwamba ni jambo zito.

Amekonda kwa wiki moja. Anasema siku ya kwanza pesa zilipoanza kuingia alicheka, alidhani wanafunzi wamejifunza utani, wanalipa faini ya kuchezea. Siku ya pili zikazidi. Akanipigia nije nijitokeze. Simu imezimwa. Siku ya tatu akapiga tena. "Nikaanza kuogopa," aliniambia. "Nikasema au mpagazi kafa kweli, na mimi ndiye niliyemwita." Hakufuta lile tangazo kwa sababu hiyo. Alifikiri akilifuta halafu ikawa kweli, atakuwa amenikana.

Mjinga. Nilitaka kumkumbatia na kumpiga.

Tulichofanya kibaya nakiona sasa. Utani unahitaji macho. Unamzika mtu anayekutazama. Kibwana alinizika mbele ya watu wasioniona, na mimi ndiye niliyeanza.

Jioni nikaingia laivu kwa simu yake. Niko hai. Ni utani. Samahanini. Nikaeleza yote, Wazaramo, Wanyamwezi, njia ya pwani, majembe. Ukieleza utani unakuwa ushahidi wa mahakamani. Wachache walifurahi, yule wa Kanada alilia kwa furaha, Mungu ambariki na kikohozi chake. Mmoja akaandika: tapeli. Mwingine akaunga mkono. Halafu wakaanza kutoka mmojammoja, naona majina yakizimika. Nilikuwa natafuta jina moja. Halikuwemo.

Jumatatu, 19 Mei

Nimemwandikia Bwana Seif kwa simu ya Kibwana. Nimefuta, nimeandika, nimefuta. Mwisho nimetuma mistari mitatu. Imefika. Haijasomwa.

Nina aibu.

Jumatano, 21 Mei

Kurudisha pesa. Nilidhani ni kugeuza tu mkono. Nilimwambia Kibwana kila iliyoingia irudi ilikotoka. Akaanza na moja, akairudisha kwenye anwani ileile iliyoituma. Baada ya saa moja mwenyewe akaandika hajaona kitu. Hataona. Alikuwa ameituma kutoka kwenye soko la sarafu, na anwani ile si yake, ni ya soko zima, kama chungu cha shughuli ambacho kila mtu anachota. Tumemimina mlemle. Soko limejibu kwa Kiingereza kirefu kwamba hapana. Nimemlipa kwa pesa yangu ya pensheni.

Basi ikabidi niwatangazie: aliyetuma aseme, alete anwani mpya ya kupokelea, na muda aliotuma. Wamejitokeza. Wamejitokeza wengi kuliko waliotuma. Watu ambao hata salamu moja ya Kinyamwezi hawaijui wanadai walinililia. Mmoja anasema aliuza mbuzi.

Macho yanauma. Zile anwani ni herufi na tarakimu zisizo na mwisho, ukikosea moja imekwenda kwa asiyejulikana na hairudi. Kibwana anasoma, mimi nahakiki, kisha tunabadilishana. Hatutaniani. Mke wake alituletea uji akashangaa kimya kile, akauliza nani kafa.

Ijumaa, 23 Mei

Ijumaa ndiyo siku ya Bwana Seif. Kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akituma kitu kidogo, na neno moja alilolikumbuka wiki hiyo. Neno la jikoni, la mtoto, la kubembelezwa. Mengine hata mimi nilikuwa sijayasikia tangu bibi yangu.

Leo pochi kimya. Nimeitazama mara nyingi, Kibwana akanikopesha simu bila kuuliza.

Kubwa kuliko zote kwenye zile rambirambi ni ya Seif. Hajaidai. Wako na wengine ambao hawajadai, sijui ni akina nani, zimeingia bila majina. Walionililia kimyakimya. Hao ndio wanaoninyima usingizi kuliko wale matapeli.

Kuna mama mmoja hapa mtaani ameniambia kwa kawaida za kwetu kinachochangwa msibani watani wanachukua chao, kwa hiyo nimgawie Kibwana tumalize. Nilimfikishia. Alikataa kabla sijamaliza. Amesema yeye alitaka kunichekesha, hakutaka kunirithi.

Jumanne, 27 Mei

Zuwena amekuja. Peke yake, bila sufuria. Leo ameniamkia. Nimeitikia marahaba.

Amezungumza na ami yake. Bwana Seif ameyasoma yale maandishi yangu. Hana hasira. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nina uzoefu wa wazazi.

Alichosema ni hiki. Mama Nyamizi alipokufa hapa Tabora, hakuna aliyemwandikia Bwana Seif. Alikuwa kijana, yuko mbali, wakubwa waliona ni habari ya mtumishi wa nyumbani tu. Alikuja kuijua baadaye sana, kwa bahati, mtu akipiga stori. Hakusoma chochote, hakuchinja chochote. Ndiyo maana aliposikia mimi nimekufa alisema safari hii hapana, huyu nitamlilia kwa wakati wake. Akaita watu. Akachinja. Akalia yote aliyokuwa nayo, ya kwangu na ya yule mama.

"Sasa amekwisha," Zuwena alisema. "Amefurahi kwamba uko hai, wallahi amefurahi. Lakini darasani harudi, mwalimu. Anasema atakuwa anakaa pale anakutazama akingoja tena. Hawezi mara mbili."

Na pesa? Nisirudishe. Alikwisha kuitoa, na aliyoitoa kwa nia haifuatwi nyuma.

Nilimsindikiza Zuwena mpaka kwenye bajaji. Nikasema hewala, namwelewa. Simwelewi. Namwelewa kabisa. Nimeudhika na nafsi yangu, na Kibwana, na simu, na karai la dada Kabula. Nilikuwa karibu kumsikia. Wiki mbili zaidi angefungua kile kipaza sauti, najua, naona mwanafunzi anayekaribia kusema kwa namna anavyovuta pumzi.

Jumapili, 1 Juni

Nimekwenda misa. Padri ameniuliza habari za ahera. Mji mzima una watani.

Wanaodai kweli wamelipwa wote. Waliobaki hawana majina. Kibwana amenionyesha kiasi kilichobaki, kiko palepale, hakioti wala hakiozi. Amesema niezeke nyumba. Nimewaza. Sisemi sikuwaza, bati la jikoni linavuja na mvua zikirudi nitalala na ndoo. Lakini nikijiona nimelala chini ya bati lililonunuliwa kwa kifo changu, mwili unakataa. Kumpa mtu mwingine pia mwili unakataa. Si zangu kutoa, hao watu walitaka zinizike.

Basi zikae. Siku yake itafika na zitafanya kazi yake. Nimemwambia Kibwana siku hiyo yale maneno ya siri anayajua, anunue sanda nzuri na asinidhulumu. Akaniuliza, na akitangulia yeye? Nikasema basi zimepotea, maneno ninayo lakini pa kuyaandika sijui, na mimi nizikwe kwa jamvi kama babu zangu waliofia njiani. Akacheka. Kidogo. Ni mara ya kwanza tangu Puge.

Ila pochi ya darasa tumeitenga na hiyo, ni mpya kabisa. Jioni wamekuja tisa. Nimefundisha kuhesabu.

Jumatano, 4 Juni

Zuwena alipiga simu ya Kibwana, niende dukani kwake. Anajiandaa na Idd, vitambaa mpaka kwenye ngazi. Akanikalisha kwenye kiti cha wateja, akasema ami amemruhusu anisikilizishe kitu, ila rekodi yenyewe asinipe.

Ni siku ya hitma Maskati. Mtu alikuwa amewasha simu. Kwanza sauti za kusoma, vikombe, mtu anakohoa. Halafu mzee anaomba ruhusa ya kusema maneno juu ya marehemu. Sikuijua sauti. Ningeijuaje.

Akaanza kwa Kinyamwezi.

Wale waliokuwepo pale hawakijui, nadhani ni wachache sana wanaokijua. Hakuwajali. Alisimulia mwanamke aliyembeba mgongoni soko zima la Tabora, na mwanamke mwingine aliyemfundisha uzeeni kumwita yule wa kwanza kwa jina lake. Hakusita. Hakuchanganya Kiswahili. Si ulimi wa mtoto, alinidanganya au alijidanganya. Ni Kinyamwezi cha mtu mzima, cha hapa mjini, cha zamani, chenye heshima zake zote. Alisalimia kwanza, akasema, akaaga. Mhola, salama, alisema mwisho. Mhola, mwalimu wangu.

Zuwena alikuwa anapima kitambaa, kanipa mgongo kwa makusudi.

Nilisikiliza kama ninavyowasikiliza wote, nikingoja pa kumsahihisha. Hakukosea popote.

Nimerudi kwa miguu. Nimepika ugali na majani ya kunde. Nimekula robo, nimefunika uliobaki.